Amezidiwa, Kama Unaweza Njoo

1

Kivuli cha dada yangu kilianza kuchacha siku ya tisa baada ya sisi kumzika.

Nilikuwa nafuta dirisha katika chumba cha tatu pale Kituoni. Nikamsikia anamwambia Yerin, "Huku mvua imeanza tangu alfajiri, hata kuni zimelowa." Yerin, aliyekuwa kwao Korea mbele ya kioo kama hiki cha kwetu, akasema pole. Wakaongea habari za mtihani. Haukupita muda, dada akainamisha kichwa vile vile, akashika sikio lake la kushoto vile vile, akasema, "Huku mvua imeanza tangu alfajiri, hata kuni zimelowa."

Na nje jua lilikuwa linawaka mpaka mabati yanalia.

Yerin akasogeza uso karibu na kioo. "Seki, umechoka?"

"Sijachoka, jamani. Endelea."

Mwalimu Chaula, msimamizi wa Kituo, alikuwa amesimama mlangoni na rundo lake la funguo. Naye alisikia. Akaniita kwa kidole mpaka barazani.

"Subi, nani anamlisha Seki?"

"Kumlisha nini, mwalimu?"

"Basi ndiyo hayo. Hakuna." Akajikuna kidevu. "Wewe unakaa nyumba moja naye. Ulikuwa unakaa. Unajua ya pale kwenu yote, nani kapika nini, nani kagombana na nani, mbuzi wa nani kala mboga za nani. Weka hicho kitambaa chini. Kuanzia leo wewe ni mpishi. Unapika habari."

Alicheka peke yake, halafu akaona uso wangu, akaacha.

Mimi niliishia darasa la saba. Pale Kituoni nilikuwa mfagizi na mleta chai, kazi ambayo Seki mwenyewe alinitafutia alipoanza kusoma Kikorea. Kituo kiko juu ya kilima, ukitoka Tukuyu mjini unapanda katikati ya mashamba ya chai. Kina vyumba sita, na katika kila chumba kuna nusu ya meza. Meza zenyewe zilikatwa katikati huko kiwandani. Nusu ikaja kwetu, nusu ikaenda nchi nyingine. Ule upande uliokatwa umebanwa kwenye kioo kikubwa kama ukuta, na kioo kikiwaka, nusu mbili zinakuwa meza moja. Wa kwetu anakaa huku, wa kule anakaa kule, kila mmoja na kikombe chake. Saa moja wanaongea Kiswahili, saa inayofuata wanaongea lugha ya yule wa kule. Ungedhani wakinyoosha mikono watagusana.

Wanaitwa jozi. Jozi haibadilishwi mpaka watimize saa mia tatu. Mmoja akiacha katikati, za mwenzake nazo zinafutika, anaanza moja. Ndiyo maana kukawa na vivuli. Mashine inamsikiliza mtu anavyoongea, anavyocheka, anavyoshika sikio, na baada ya miezi michache inaweza kumkalisha kwenye kiti hata akiwa na homa kitandani. Siku moja, mbili, tatu, umeme ukirudi au homa ikishuka mwenyewe anarudi, na mwenzake hajui kitu. Katika karatasi wanazosaini imeandikwa. Imeandikwa mwishoni.

Lakini kivuli kinajua yale tu ambayo mwenyewe aliwahi kusema. Hakijui leo kumetokea nini. Usipokiletea habari mpya kinakula zile za zamani, kinazirudia, mwisho kinachacha.

Cha dada kilikuwa kimekaa siku tisa bila kula.

2

Seki alikufa Jumamosi. Homa ya uti wa mgongo, siku tatu tu. Alhamisi alikuwa mezani anamfundisha Yerin namna ya kumkatalia mtu chakula bila kumuudhi. Jumamosi saa tano asubuhi tulikuwa tunamfunika shuka.

Mjomba Ambakisye anakaa Tunduma. Mimi ndiye niliyepewa simu nimpigie, kwa kuwa mama hakuweza. Nikamwambia kama tunavyoambiana sisi: "Mjomba, Seki amezidiwa. Kama unaweza, njoo."

Hakuuliza ugonjwa gani. Hakuuliza amelazwa wapi. Nikasikia pikipiki inapita huko aliko, halafu akasema, "Nimeelewa." Jioni aliteremka barabarani amebeba shuka begani, akaanza kulia tangu kwenye mashine ya kusaga, kabla hajaona nyumba.

Ndivyo tunavyofanya. Neno lenyewe halitupwi kwenye simu kama jiwe. Mtu anaweza kuwa yuko peke yake, anaweza kuwa anaendesha gari. Unamwambia amezidiwa, njoo, na yeye anakuja na msiba wake mkononi taratibu, anaubeba njia nzima, akifika anautua palipo na watu.

Siku ya pili ya msiba Mwalimu Chaula alikuja na kibao chake cha kioo. Aliinama mbele ya mama pale alipokaa kwenye majani ya migomba, akasema maneno ya pole, halafu akaomba kidole gumba, kivuli cha Seki kiendelee kukaa. Yule msichana wa Korea amebakiza saa arobaini, alisema, ana mtihani mwezi wa nane, tukivunja jozi sasa mtoto wa watu anapoteza mwaka. Ni mpaka mtihani tu. Kidole kinachofungua ndicho kitakachofunga, mama, wewe ndiye mwenye amri.

Mama aliweka kidole. Siku zile alikuwa anakiweka popote alipoelekezwa.

3

Chumba cha kulishia kilikuwa stoo ya mifagio. Waliweka kiti, kinasa sauti kidogo kama punje ya hindi, na taa. Ukisema habari ikapokelewa, taa inakuwa ya kijani. Isipopokelewa, inakuwa nyekundu.

Siku ya kwanza sikujua pa kuanzia, nikaanza na kubwa. Nikasema, "Seki, ulifariki Jumamosi ya juzi. Tulikuzika karibu na baba."

Nyekundu. Sauti ya mwanamke nisiyemjua ikasema, "Habari haikupokelewa. Tafadhali rudia."

Nilidhani nimesema haraka. Nikarudia polepole, neno moja moja. Nyekundu.

Mwalimu Chaula akaingiza kichwa. "Hicho hakimezi, Subi. Kikimeza hicho, kitakaaje kwenye kiti? Kipe vidogo vidogo."

Nikakipa vidogo vidogo. Bibi Tupokigwe kapata meno ya bandia, anayatoa akitaka kula. Kanisani wamenunua ngoma mpya, sauti yake mbaya kuliko ya zamani. Parachichi zimeanza kuiva. Taa ikawa kijani, kijani, kijani, na Jumanne dada akamsimulia Yerin habari ya meno ya bibi, kwa kuiga mdomo wa bibi ulivyobonyea, kitu ambacho mimi sikukisema. Kilijitungia chenyewe. Yerin alicheka mpaka akalaza uso mezani, na mimi nikiwa na birika la chai pale pembeni nilicheka pia, halafu nikatoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji.

Yerin hakuwa ananiona. Kioo kinamfuta mtu ambaye uso wake haukusajiliwa, yeye na sauti yake. Nikiweka chai mezani, kwa upande wake kikombe kinajileta chenyewe. Seki wa kweli alimwambia kwamba Kituo chetu kina jini wa chai, mdogo wake Subi, na tangu hapo Yerin haachi kusema, "Mwambieni jini wenu ahsante." Kiswahili chake chote ni cha Seki. Jamani zake ni za Seki. Hata akitaka kuuliza kama kuna mtu, hasemi "upo?", anasema kama Seki alivyokuwa akipiga hodi nyumbani: "Wenye nyumba, mmehama?" Neno la kwanza kabisa alilofundishwa lilikuwa, "Sijasikia vizuri. Rudia tafadhali," na bado analisema mara kumi kwa siku, hata pale anapokuwa ameshasikia.

Kila Alhamisi nilikuwa namleta mama.

Hili Mwalimu Chaula alilikubali mwenyewe, kwa huruma, na sijui kama ilikuwa huruma. Mama anakaa kwenye kigoda karibu na ukuta, mahali ambapo kioo kinamfuta, anamtazama mwanawe saa mbili nzima. Haongei. Akirudi nyumbani anapika, anakula. Ijumaa anakula kidogo. Kufika Jumatano anakunywa maji tu.

Ndugu walipokuja kusema sasa tuanue tanga, watu warudi kwenye mashamba yao, mama aliwauliza, "Mtaanuaje tanga la mtu ambaye Alhamisi nimemwona?"

Mjomba Ambakisye akamkalipia. "Dada, yule ni picha!"

"Picha inayojua meno mapya ya Bibi Tupokigwe? Nani aliipiga?"

Mjomba akachukua shuka lake, akaondoka bila kuaga.

4

Alhamisi moja mwezi wa saba Yerin alikaa mezani bila kikombe. Macho yalikuwa yamevimba. Mama yuko kwenye kigoda chake, mimi niko na birika.

"Seki, nataka kukuuliza kitu. Siyo cha somo."

"Uliza, mwenzangu."

"Baba yangu yuko hospitali." Alitafuta maneno. "Unajua alituacha. Nina miaka kumi na moja sijaongea naye. Kaka anasema zimebaki siku chache. Ni saa tatu tu kwa treni, Seki. Saa tatu. Lakini nina hasira. Nikifika nitasema nini? Nimewauliza wote hapa, kila mtu ananipa jibu la kitabu. Niambie wewe. Ukisema nenda, nitaenda."

Kivuli kilipepesa macho. Mara mbili, kama Seki anavyopepesa akifikiri.

"Usiende wiki hii," kilisema. "Una hasira sana. Tumalize mtihani kwanza. Mimi nipo."

Yerin akapumua, mabega yakashuka. "Ahsante," akasema. "Ahsante, jamani."

Birika lilikuwa zito mkononi mwangu.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu niligombana na shangazi, nikaapa sitakanyaga kwake. Shangazi akaugua. Seki alinishika sikio, akanipeleka kwenye mvua, kilomita nne, mimi nalia yeye anaimba. Aliniambia, "Ukinuna mpaka afe, halafu utamnunia nani?" Huyo ndiye Seki. Huyu aliyekaa pale ameshika sikio lake la kushoto ni nani?

Nilimfuata Mwalimu Chaula ofisini. "Mwalimu, Seki asingesema vile."

"Najua." Hakuinua uso. "Kimeundwa kulinda jozi. Akienda huko atakosa vipindi, akikosa vipindi jozi inakatika. Hakina ubaya, Subi. Hakina wema pia."

"Basi tumwambie ukweli."

"Nani atamwambia? Kioo kinakufuta. Nikimwambia mimi, kesho kivuli kinazimwa, mtoto anaanza upya, na Alhamisi mama yako anakuja kukaa mbele ya kioo cheusi. Utamwambia nini mama yako?"

Jioni hiyo mama alikuwa amepika ndizi na maharage, amekula sahani nzima, anakwangua sufuria na kijiko. Alinitazama akasema, "Seki kapendeza leo." Nikasema ndiyo.

Nilijaribu njia iliyonyooka. Jumatatu niliingia stoo nikasema, "Mwambie Yerin aende kwa baba yake. Aende leo." Taa ikawa kijani. Nikafurahi. Jumanne dada akamwambia Yerin, "Nimefikiria habari za baba yako. Nenda, mwenzangu. Ukimaliza mtihani tu, nenda." Kilikimeza kile nilichokipa, halafu kikakipinda.

Siku mbili sikulala vizuri. Nilimwangalia mama anavyokunywa maji. Nilimfikiria mzee mmoja ambaye sijawahi kumwona, yuko kitandani, anatazama mlango. Na nilijiambia, Yerin hafungwi na baba wala hasira. Anafungwa na maiti. Akijua kwamba Seki hayupo, ataachia mkono, ataenda.

Neno lenyewe mashine hailimezi. Lakini sisi neno lenyewe hatulisemi hata hivyo.

Alhamisi, kabla ya saa nne, nikafunga mlango wa stoo. Nikasema, "Seki amezidiwa. Mwambie Yerin: kama unaweza, njoo."

Kijani.

5

Wakaketi. Mama alikuwa kigodani amejitanda kanga yake mpya. Dada akashika sikio. Alikuwa anatabasamu, maana nilisahau kwamba kivuli hakijui kuumwa, hakuna siku Seki alikuja mezani mgonjwa kikajifunza.

"Yerin," kilisema, kikitabasamu, "nimezidiwa. Kama unaweza, njoo."

Yerin akaweka kikombe chini. Rangi ilimtoka usoni. Alitazama kioo muda mrefu, machozi yakaanza kushuka bila sauti.

"Nimeelewa," akasema.

Lile lile la mjomba. Nikasema moyoni, haya, ameelewa. Akasimama, akachukua mkoba, akatoka kwenye kioo kabla saa haijaisha. Nilijua anakwenda kwenye treni.

Nikageuka. Mama alikuwa amevuta kanga, amejifunika uso wote.

Tulishuka kilima. Karibu na mashine ya kusaga akasimama. "Ni wewe uliyemtia maneno hayo mdomoni?"

"Ni mimi, mama."

"Mbele yangu."

"Nisamehe, mama."

Siku ile hakupika.

6

Jumamosi mchana mvua ya kweli ilikuwa inanyesha, ile ya kwetu isiyo na haraka. Mama amelala chumbani. Mimi nachambua maharage jikoni.

Mlangoni mtu akaita, "Wenye nyumba, mmehama?"

Nikasikia kitanda kinalia. Nikasikia miguu ya mama, mitupu, inakimbia. "Seki?" Alifungua mlango kwa mikono miwili.

Alikuwa msichana mfupi mwenye koti la njano, amelowa mpaka nywele zimeganda. Begi mgongoni, boksi kifuani amelikumbatia. Aliniambia baadaye hakuhitaji kuuliza njia. Kwa miezi minane Seki alikuwa amemwelekeza: unashuka stendi, unapita mashine ya kusaga, mlango wa bluu, kwa jirani yupo mbwa anayebweka tu.

"Ugonile, mama," akasema. Hata salamu ya kwetu alimfundisha. "Mimi Yerin. Nimeleta dawa. Sikujua ugonjwa gani, nimeleta za aina nyingi. Seki yuko wapi? Amelazwa?"

Mama alimtazama. Akanitazama mimi.

Nami pale ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Maharage yalikuwa bado mkononi.

"Na baba yako?" nikamuuliza.

"Wewe ni Subi? Wewe ni jini wa chai!" Alijaribu kucheka. "Baba ana kaka yangu pale. Nikafikiri, Seki ananiita, hajawahi kuniita. Nimepanda ndege mbili, halafu basi." Akatazama ndani, juu ya bega la mama. "Yuko wapi?"

Saa tatu kwa treni. Kwetu alikuwa amesafiri siku mbili.

Sikuweza. Ninaona aibu kuliandika, lakini sikuweza, nilifungua mdomo nikajisikia nasema, "Ingia kwanza, umelowa." Ni mama aliyeweza. Alimvua begi, akapokea boksi la dawa, akaliweka chini kwa uangalifu kama lina mayai. Akatandika mkeka. Akamkalisha, akakaa naye, bega kwa bega, akamshika mkono.

"Seki hayupo, mwanangu," mama akasema. "Tumemzika mwezi wa tano."

Yerin akasema, "Sijasikia vizuri. Rudia tafadhali."

Alikuwa amesikia. Mama akarudia. Na baada ya kurudia, mama, ambaye siku ya mazishi alikuwa mkavu kama kuni, akatoa ile sauti ya kilio. Majirani walikuja kwenye mvua. Bibi Tupokigwe alifika wa kwanza, meno mkononi. Walimkuta mama analia, na mgeni wa koti la njano analia, hawakuuliza, walikaa wakalia nao.

7

Usiku ule nilimweleza Yerin kila kitu, kivuli na maneno niliyokilisha. Jumapili asubuhi simu yake ikaita pale kwenye mkeka. Yalikuwa maandishi kutoka kwa kaka yake. Aliyasoma, akanipa simu kana kwamba ninajua Kikorea, halafu akakumbuka, akanisomea kwa Kiswahili.

"'Baba amekufa leo saa mbili asubuhi. Uko wapi?'"

"Kaandika hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Kwenu mnasema hivyo hivyo? Kwenye simu?"

"Tunasema." Alikuwa anaipangusa simu kwa upande wa kanga aliyovishwa na mama, anaipangusa na haikuwa na uchafu. "Subi, ungesema amekufa, ningeenda kwa baba."

Hakunilaumu. Alisema kama mtu anayetaka tu kuelewa njia aliyopita. Nilimweleza habari ya mjomba, na shuka, na kwamba neno halitupwi kama jiwe. Alisikiliza mpaka mwisho. "Ni vizuri," akasema. "Ni vizuri kwa mtu anayejua."

Walikuja wanawake wa kanisani na unga na kuni. Mmoja akamuuliza mama chini chini, huu sasa ni msiba wa nani?

"Wa wawili," mama akasema. "Kaeni."

8

Jumanne Yerin alisema anataka kukiona kivuli. Mama akasema na yeye anakuja. Tukapanda kilima watatu.

Mwalimu Chaula alitukuta mlangoni. Alipomwona Yerin funguo zilimtoka mkononi. Alianza kusema jambo kuhusu saa zilizobaki. Akasogea pembeni.

Ilikuwa saa nne. Kioo kilishawaka.

Dada alikuwa kwenye kiti chake, ameshika sikio. Na upande wa pili wa meza alikuwa amekaa Yerin. Nywele kavu, shati jeupe, kikombe mbele yake kinafuka moshi. Moshi ulikuwa haupungui. Yerin wa koti la njano alinishika mkono mpaka ukauma.

"Bado umezidiwa?" Yerin wa kwenye kioo aliuliza, anacheka.

"Nimezidiwa, jamani. Kama unaweza, njoo."

"Nitakuja. Tukimaliza mtihani tu nitakuja. Mimi nipo."

"Na mimi nipo. Huku mvua imeanza tangu alfajiri, hata kuni zimelowa."

"Pole. Hata kwetu mvua."

Waliendelea. Hapakuwa na mtu mezani, na saa za jozi zilikuwa zinahesabiwa kwenye kona ya kioo, taratibu, kama kawaida. Nilifikiri, wangeweza kwenda hivi mpaka mia tatu. Wangefaulu.

"Leta hicho kibao," mama akamwambia Mwalimu Chaula.

"Mama, una hakika? Hakirudi tena."

"Leta."

Alikisogeza. Mama alipangusa kidole gumba kwenye kanga, akamtazama mwanawe. Seki alikuwa anaiga mdomo wa Bibi Tupokigwe. Mama alingoja amalize. Alipomaliza na kucheka, mama akaweka kidole.

Kiti kikawa kiti. Nusu yetu ya meza ikabaki na alama ya duara ya kikombe, ile ambayo nimeifuta mwaka mzima haitoki.

Upande wa pili yule mwingine alikuwa bado anatabasamu. Akangoja. Akainamisha kichwa.

"Seki?" akaita. "Wenye nyumba, mmehama?"

Mama akajifunika uso. Mwalimu Chaula akasema chini chini kwamba kile ni cha kule, yeye hana amri nacho, kitaita mpaka saa ziishe.

Mimi kioo kingenifuta. Mama pia. Lakini Yerin uso wake umesajiliwa. Aliachia mkono wangu, akazunguka meza, akakaa kwenye kiti cha dada yangu. Wakatazamana, yeye na yeye.

"Seki amekufa," akasema. "Baba pia amekufa. Jumapili, saa mbili asubuhi."

Kivuli chake kilipepesa macho. Moshi wa chai ulikuwa ule ule.

"Sijasikia vizuri," kilisema kwa upole. "Rudia tafadhali."

Yerin akavuta kiti mbele mpaka magoti yakagusa kioo, akarudia.